Mtu wa Shaba Asiyechoka

Hapo zamani, kabla mashine hazijajazana duniani, Sultani Shekuwe wa mji wa Mwasini aliletewa na fundi saa mgeni mtu wa shaba, mrefu kuliko mlango. Tumboni alikuwa na kamani, utepe wa chuma uliojikunja kama wa saa. Akitiwa ufunguo huuzunguka uwanja wa jumba kwa miguu yake, na mabegani ana kiti cha kupandia. Hali, hanywi, hanung'uniki. Basi Sultani akawaachisha kazi wachukuzi wanne wa machela yake, watu wasio na riziki nyingine.

Mkubwa wao, Ngwali, fukara mwenye maneno, akaenda barazani akapiga goti.

"Maulana, tutakula nini?"

"Nitajie kazi moja muiwezayo ninyi, na mtu wa shaba asiyoiweza, nami nitawarudisha. Ukikosa, mhame mji."

"Ipo, Maulana. Kuchoka."

Baraza zima likaangua kicheko. Waziri akasema, "Tangu lini uvivu ukawa kazi, ewe mjinga?"

"Sijui, bwana. Lakini Maulana na ampande, kisha amwamuru achoke. Akichoka, tunahama leo leo."

Sultani akaona jambo jepesi. Jua lilikuwa kali, akanywa sharubati bilauri tatu, akapanda. Fundi akazungusha ufunguo hadi mwisho, na mtu wa shaba akashika njia: ko, ko, ko.

Mzunguko wa kwanza Sultani akawapungia watu mkono. Wa pili akasema kwa upole, "Choka." Wa tatu, sharubati ikaanza kudai njia yake.

"Choka, nakuamuru!"

Ko, ko, ko.

"Fundi! Msimamishe!"

"Kamani haishikiki, Maulana. Atasimama ikiisha."

"Itaisha lini?"

"Alasiri, inshallah."

Sultani akabana magoti. "Choka, mwana wa sufuria wee!"

Ngwali akawa anatembea kando yake, taratibu. "Maulana, sisi tulikuwa tukichoka pale mlangoni pa Bi Sauda, muuza kahawa. Ukashuka, ukanyoosha miguu, ukapewa kahawa, na mwenye shida akakueleza shida yake. Kumbe ulidhani tunachoka kwa faida yetu?"

"Ngwali, niteremshe! Mmerudi kazini, wallahi mmerudi!"

Basi wachukuzi wanne wakamdaka juujuu, wakamkimbiza nyumba ya kwanza iliyokuwa wazi. Alipotoka, uso umekunjuka, akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na waziri, alipokwisha kuhakikisha kwamba ni kicheko, akacheka pia. Fundi hakulaumiwa, alikuwa ametengeneza alichoagizwa.

Sultani akaketi katika machela yake, wakaondoka. Hawajatimiza hatua ishirini, harufu ya kahawa ikatoka mlangoni pa mtu. Sultani akachungulia nje, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ngwali, hamjachoka tu?"

"Tumekufa, Maulana," akajibu Ngwali, wakamtua.