Tuli Asiyejibu Darasani kwa Mamba

Niwape, nisiwape?
Tupe!
Niwape nusu?
Tupe nzima!

Basi ukaja ukame, mabwawa yakakauka, likabaki moja tu, nalo ni la Mamba. Na Mamba huyo tumbo lake halikujua kushiba. Akatangaza, "Atakayekunywa hapa sharti aniamkie kwa Kimamba. Leteni watoto niwafunze. Siku ya mtihani, asiyejua ni kitoweo changu."

Wazazi wangefanyaje? Kiu imewabana, wakawapeleka.

Mamba alifundisha kwa kuitikiza. "Semeni baada yangu!" Kasuku mdogo akasema, tena vilevile, ingawa hakuelewa hata neno. Ngedere mdogo akasema, akakosea, akacheka, akasema tena. Tuli, mtoto wa Pimbi, hakusema. Kesho yake Kasuku akasema, Ngedere akasema, Tuli hakusema. Amekaa tu, macho kodo, masikio wima.

"Mwanangu, sema basi hata neno moja," mama yake alimbembeleza kila jioni. Tuli alimwangalia tu. Maskini mama, aligeukia ukutani akalia, maana alikwisha kumwona mwanawe tumboni mwa Mamba.

Siku ya mtihani Mamba akawapanga watoto ukingoni. Mkewe alikuwa mbali, nyuma ya matete, analinda mayai. Mamba akamwita kwa Kimamba, bila kuficha, maana aliwaona wale watoto wajinga watupu: "Mke wangu, noa meno. Wakiinama kunywa, tunawala wote, wanaojua na wasiojua."

Kasuku mdogo akatikisa mkia. Ngedere mdogo alidaka neno "kunywa", akafurahi. Na Tuli je? Yeye alielewa yote.

Akajisogeza, nya, nya, nya, akamtia Kasuku maneno sikioni, moja moja. "Jifiche kwenye matete. Sema hivyo hivyo, kwa sauti ya mkewe."

Kasuku akaruka, puru! Mara sauti ikatoka matetani kwa Kimamba safi: "Mume wangu, kenge wanakula mayai yetu!"

Mamba akageuka, chubwi! Akakimbia, parakacha, parakacha. Ngedere akawaita wazazi, wote wakanywa, gugu, gugu, gugu, wakapanda majabali. Toka hapo, kila walipopata kiu, kenge walikuwa wanakula mayai. Mamba alikimbia mpaka akakonda, hadi mvua zikanyesha.

Mama Pimbi alimkumbatia mwanawe. "Kumbe unajua! Mbona ulikuwa husemi, baba?"

"Nilikuwa bado nasikiliza, mama."

Ngano nimeitua hapo, asiyetosheka aibebe akaongeze yake. Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: asiyejibu darasani ni mzito wa kichwa, na watoto wote sharti wajue siku moja, kwa namna moja. Ndivyo asemavyo Mamba, na si ndiye mwalimu?