Ukurasa wa Pili wa Daftari la Buku

"Ngano, ngano!"
"Ije na mkia wake!"
"Ikija na uongo?"
"Itie chumvi, tutaila!"

Basi kaeni vizuri, na wewe hapo nyuma acha kusinzia. Buku, yule panya mkubwa wa shambani, aliingia Chuo cha Mwituni kusomea uzamivu wa utafiti wa tiba. Mwaka wa kwanza, jamani, ni balaa! Asubuhi darasa, mchana maabara, jioni mtihani. Akapelekwa maabara ya Nyani, akajifunza, akahama. Akapelekwa maabara ya Korongo, akajifunza, akahama. Akapelekwa maabara ya Profesa Kiboko, na hapo ndipo pa kumalizia mwaka. Mwaka ukiisha, kila mwanafunzi husimama mbele ya baraza akaeleza kazi yake. Asiye na kazi hurudi kwao.

Kiboko naye alikuwa mlafi wa kazi za watu. Akiona kazi ya mwanafunzi, haamu! Anaipeleka barazani kwa jina lake. Mwaka uliopita alimmaliza Digidigi, akarudishwa kwao.

"Ndugu yangu," Digidigi alimwambia Buku siku aliyokuja kufuata blanketi lake, "kazi yangu ilikuwa safi. Alichukua daftari, akasoma ukurasa wa kwanza tu, akaondoka nalo. Mimi nikabaki na koti jeupe."

Buku aliogopa kwelikweli. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mtoto anakwenda kuwa daktari. Angerudi na uso gani? Lakini neno moja lilimkaa kichwani: ukurasa wa kwanza tu.

Akaenda kwa Bi Kobe, mtunza ghala wa maabara. "Shikamoo bibi. Naomba chupa tatu za kupimia dawa ya homa ya kupe."

"Marahaba mjukuu wangu." Bi Kobe, kama ilivyo desturi ya watafiti, akajaza chupa moja maji matupu, moja sabuni ya kuoshea sakafu, moja dawa ya magome. Akazibandika A, B, C. Ipi ni ipi akaandika kwenye bahasha, akaifunga kwa lakiri, akaikalia. Hivyo anayepima hajui, na macho yake hayapati nafasi ya kumdanganya.

Buku akadondosha A kwenye damu yenye vimelea, to! Vimelea vikacheza ngoma. Akadondosha C, to! Vimelea vikalegea, nusu vikafa. Akadondosha B, to! Vimelea vyote kimya, hakuna hata kimoja kilichotikisika.

Akaandika ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: B IMEUA VIMELEA VYOTE. Yaliyobaki akayaandika ukurasa wa pili. Akaliacha daftari wazi mezani.

Gubu! Gubu! Gubu! Kiboko huyo.

"Aha! B!" akanguruma. "Lete daftari, mwanangu. Na hiyo chupa."

"Profesa, kuna ukurasa wa pili."

"Nina haraka."

"Profesa, bahasha ya Bi Kobe bado haijafunguliwa."

"Wewe ni mwaka wa kwanza! Utanifundisha mimi?"

"La, Profesa. Ila ukurasa wa pili..."

Gubu! Gubu! Gubu! Kiboko kaenda.

Siku ya baraza wanyama walijaa. Mwenyekiti alikuwa Tembo. Kiboko akasimama, kifua mbele. "Mimi, peke yangu, nimegundua dawa B. Inaua vimelea vyote. Haina madhara kabisa. Tazameni!" Akabugia chupa nzima, gulu gulu gulu.

"Wewe Buku, una kazi gani?" Tembo akauliza.

Buku akajitokeza mbele. "Mwenyekiti, kazi yangu iko mkononi mwa Profesa. Namwomba atusomee ukurasa wa pili."

Kiboko akafunua. Akasoma, sauti ikizidi kufifia: "B imeua vimelea. Imepasua na seli za damu. Inaua kila kitu. Nadhani ni sabuni. Dawa ni C. Mimi, Buku."

Bi Kobe akainuka pole pole, akatoa bahasha aliyokuwa ameikalia, Tembo akaifungua. A, maji. B, sabuni ya kuoshea sakafu. C, magome.

Kiboko akafungua mdomo ajitetee. Povu! Akajaribu tena. Povu! Likatoka puani, likatoka masikioni, baraza zima likakimbia. Kiboko akatimua mbio hadi mtoni, chubwi! Na hadi leo akizama utaona mapovu yakipanda. Ile sabuni bado haijaisha.

Buku akafaulu. Digidigi akaitwa arudi na koti lake, na yule mama wa Buku akapata la kuwaambia majirani mpaka wakachoka.

Funzo? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amtii profesa wake na asimfiche chochote. Buku hakuficha, alimwachia daftari lote wazi mezani! Na tangu siku ile maprofesa wote husoma kila ukurasa kabla ya kutanguliza majina yao. Unacheka nini? Nenda chuoni ukaulize.

Ngano yangu nimeikalia kama Bi Kobe alivyoikalia bahasha. Anayeitaka tena, kwanza aniinue.