Kitovu cha Mtoto wa Qabale

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wengi huitumia methali hii kuwakumbusha jamaa na majirani wajibu wao, lakini huko Biliqo, kaskazini mwa Isiolo, ilithibitishwa na wanawake wawili ambao awali hawakupikika katika chungu kimoja.

Wa kwanza alikuwa Dokata, mkunga wa jadi aliyewapokea watoto wa Biliqo kwa miaka thelathini. Wa pili alikuwa Kinanu, muuguzi kijana kutoka Meru, aliyeletwa katika zahanati mwaka wa 1978. Kinanu aliwapiga marufuku wakunga wa jadi kuvuka kizingiti chake, akisema ni wachafu. Dokata naye aliwaambia wanawake kwamba msichana asiyeujua uchungu wa kuzaa hana la kuwafunza.

Walioumia ni akina mama. Qabale, mke wa Halake, alikuwa amezika watoto wawili. Wote walizaliwa wazima mikononi mwa Dokata, wakanyonya vizuri, kisha siku ya saba miili yao ikakakamaa kama kuni na vinywa vikakataa kufunguka. Mimba ya tatu ilikuwa ya miezi saba tu uchungu ulipomshika, asubuhi moja ya kiangazi kikali. Halake alimpandisha punda akampeleka zahanati, na Dokata akafuata kwa miguu.

Kinanu alimzuia mkunga mlangoni. Qabale, ingawa alikuwa amejikunja kwa maumivu, aliushika mwimo wa mlango akakataa kuingia peke yake.

"Sista, mama huyu amenishika mkono mara mbili," alisema. "Nikimkosa mtoto huyu, sijui kama nitapata mwingine. Nawataka nyote wawili."

Kinanu akasogea kando, akamwonyesha Dokata karai la maji na sabuni.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri. Alikuwa wa kike, mdogo kama digidigi, midomo imempauka. Kinanu alichukua uzi na wembe uliochemshwa ili akikate kitovu papo hapo, kama alivyofundishwa chuoni. Dokata akaweka kidole juu ya kile kitovu.

"Ngoja, binti yangu. Bado kinapiga. Damu iliyomo ni yake, na haijamaliza kumfikia."

Kinanu aliweka kidole chake kando ya kile cha mkunga. Kweli, kitovu kilikuwa kikidunda kama moyo. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia aguse. Alisitasita, akaweka wembe chini. Wakamfunika mtoto kwa leso, wakangoja. Polepole kitovu kikanywea, kikawa cheupe, na midomo ya mtoto ikapata rangi. Akalia kwa sauti nyembamba.

Kinanu akafunga, akakata. Hapo Dokata akafungua fundo la shuka yake, akatoa jivu lililochanganywa na samadi, tayari kulipaka kwenye kidonda. Kinanu akaushika mkono wake taratibu.

"Sasa ni mimi ninayekuomba ungoje, Akko," alisema, akimwita bibi kwa Kiborana. Akamweleza kwamba pepopunda, ugonjwa unaowakakamaza watoto, huingia kupitia kidonda cha kitovu, kwa kisu kisichochemshwa na kwa samadi.

Dokata alikitazama kiganja chake. "Basi wale wawili..." alianza, asimalize. Akaketi sakafuni. Qabale akanyoosha mkono kutoka kitandani, akaushika ule wa mzee, asiuachilie.

Siku ya nane ilipita mtoto akinyonya. Wakamwita Kaltuma, naye akakua. Tangu hapo Dokata alitembea hadi kijiji cha Korbesa kuzalisha akiwa na nyembe zilizochemshwa, na Kinanu hakukiharakishia wembe kitovu kinachodunda.

Mwaka wa 1989 Kinanu, aliyekuwa sasa akifundisha wauguzi mjini Isiolo, alisoma kwamba madaktari wa ng'ambo wamemtibu mtoto mwenye maradhi ya damu kwa kutumia damu ya kitovu cha dada yake mchanga, kwa kuwa ndani yake mna mbegu za kuzalisha damu mpya. Alisafiri hadi Biliqo kumpasha Dokata habari. Mzee, ambaye macho yalikuwa yamemwisha nuru, alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nao wameacha kuimwaga damu ya kitovu," alisema. Kisha akauliza kama yule mtoto mgonjwa alipona. Kinanu alipomwambia kwamba amepona, Dokata alipapasa hewani hadi akaupata mkono wa muuguzi, akaubana ndani ya wake.

Naam, mkono mmoja haulei mwana.