Swali Ambalo Bwana Kaspari Hakuliuliza

Wamepokezana wazee wa imani kwamba, zama za dhuluma katika milima ya Uswisi, aliishi mjane aitwaye Apolonia, Mola amrehemu, aliyeuza jibini sokoni. Alikuwa miongoni mwa Waanabaptisti, waja waliobatizwa upya ukubwani kwa hiari yao. Hawakuapa, hawakushika upanga, hawakusema uongo. Na kwa sababu ya ubatizo huo watawala waliwatosa mtoni.

Basi zikaenea habari kwamba mtu aliyetumwa kuwasaka, Bwana Kaspari, ameingia mjini. Hila yake ilijulikana: alijifanya mnunuzi, na mchuuzi asiyemdanganya alimjua kuwa Mwanabaptisti, akamkamata. Nami ningeapa kwamba soko lile halikuwa na ukweli wa kujaza kibaba, ila hawa tunaowasimulia hawakupenda viapo.

Mgeni akasimama mbele ya Apolonia, akachagua donge kubwa la jibini. Bibi alijua limeharibika upande wa chini, na alishuku kwamba mgeni yule ndiye Kaspari. Aliwapenda wajukuu wake na hakutamani kufa. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini alimwonea haya Mola wake, akaligeuza lile donge.

"Huku chini limeingia ukungu, mwanangu. Chukua hili jingine."

Kaspari akamshika mkono, na soko zima likageuka kutazama. Nani pale hakuwahi kula kwa Apolonia siku ya shida? Muuza samaki, Bwana Utz, ambaye samaki wake, kwa kauli yake, walikuwa wabichi hata wakinuka, akakohoa.

"Bwana, hawa wangu ni wa juzi."

Muuza vitambaa naye akakiri kwamba kipimo chake ni kifupi. Mama wa mayai akatangaza kuwa yake mengi ni viza. Wateja wakabaki vinywa wazi: sasa kila mchuuzi alikuwa msema kweli, na hila ya Kaspari haikuweza kumtenga yeyote.

Kaspari akajitahidi kukunja uso, kicheko kikamshinda, akauachia mkono. Hata hivyo njia rahisi ilibaki: amuulize mwenyewe kama ni Mwanabaptisti. Apolonia alijua kwamba akiulizwa atajibu, akasubiri huku akimtazama machoni.

"Mama," akasema msakaji kwa upole, "kuna swali moja sitakuuliza, maana najua utanijibu kweli."

Akaenda zake. Utz hakuuza samaki hata mmoja siku ile, na alirudi nyumbani akiimba.

Enyi wapendwa, wengi wetu huulizwa na tusisadikiwe. Mola atujalie ukweli ambao hata adui yetu anausadiki kabla hatujafungua kinywa.