Foleni ya Bi Nyamizi

Jumbe Malunde alikitia kufuli kisima cha kijiji ili ng'ombe wake wanywe peke yao, kisha akatunga sheria kwamba watu zaidi ya watano wasikutane bila kibali chake.

Bi Nyamizi, mfinyanzi ambaye udongo wake ulikuwa umekauka kwa kukosa maji, alikwenda ofisini kwake akapiga goti.

"Nimekuja kuomba kibali cha mkutano, Jumbe."

"Wa watu wangapi?"

"Kijiji kizima."

Jumbe alicheka mpaka kiti kikalia. "Basi kila mmoja aje mwenyewe kuomba chake."

"Na wakipanga foleni hapo nje, askari wako hawatasema wamekutana?"

"Foleni ya serikali si mkutano."

"Mimi mtu wa kusahau, baba. Niandikie."

Jumbe akaandika, akagonga muhuri.

Kesho yake foleni ilianzia mlangoni kwa Jumbe, ikapinda nyuma ya soko, ikapotelea huko upande wa kisimani. Jumbe aliwahoji waombaji mmoja mmoja, kwa raha zake, na kuwanyima wote. Bi Nyamizi alipita kwenye mstari akiuliza na kusikiliza. Askari walipomsogelea, aliwaonyesha muhuri.

Adhuhuri zamu yake ikafika.

"Haya, mama. Huo mkutano wenu ni wa nini hasa?"

"Wa kuamua kama kufuli la kisima livunjwe," alisema Bi Nyamizi. "Lakini usijisumbue tena, Jumbe. Tumeshaumaliza hapo foleni. Walio mkiani wameanza kuchota."