Kwaya Iliyofunga kwa Ajili ya Nyuzi Kumi

Kaeni, kaeni. Na msigeuke kuitazama kwaya yetu, kwa sababu huyu ninayemsema si wa hapa. Nimemtunga mimi mwenyewe, mchungaji wenu, jana nikiwa na hasira.

Palikuwa na mpiga gitaa mmoja wa kwaya, miaka ishirini na miwili anacharaza solo. Kila kijana mwenye gitaa pale mtaani kafundishwa naye, na watu wanamwita Mwalimu. Sasa mpiga besi wao akahamishwa kikazi, na kanisa lao jipya lilikuwa lizinduliwe baada ya wiki sita, askofu anakuja. Kwaya bila besi! Mnajua wimbo unavyopwaya.

Mwanakwaya wao wa zamani, anayefanya kazi ng'ambo, akaja likizo na chombo cha ajabu. Ubao mrefu mwembamba, hauna tumbo kama gitaa, una nyuzi kumi na waya wa kwenda kwenye spika. Wenyewe wanakiita stiki. Mtu mmoja anapiga besi kwa mkono huu na solo kwa mkono huu.

"Ila Mwalimu, hiki hakicharazwi," mgeni akamwambia. "Kinagongwa. Ncha za vidole, mikono yote miwili, hapa juu ya ubao. Ukigonga uzi, unalia."

Akamwelekeza jioni nzima, wakiwa wawili tu, kisha akakiacha chombo kwa Mwalimu, akapanda ndege akarudi kazini.

Kesho yake Mwalimu akajaribu nyumbani. Tii. Kimya. Tii tii. Mkono wa kushoto unakwenda, wa kulia unagoma. Binti yake akauliza kutoka jikoni, "Baba, nani huyo anajifunza?"

Basi! Huo ndio ukawa mwisho wa kugonga. Mazoezini akakivaa kama gitaa, akakicharaza. Kikakwaruza mpaka watu wakaziba masikio. Wakabadilisha waya. Wakaita fundi wa spika.

"Mwalimu, kina nini hiki?" mwenyekiti wa kwaya akauliza.

"Hata mimi sijui kina nini," akajibu.

Ndugu zangu, anajua! Anajua kabisa!

Sasa sisi watu wa kanisa, kitu kikitushinda tunafanyaje? Mwenyekiti akasema hii si bure, hii ni vita, chombo kimetumiwa roho ya ububu. Wakakiwekea mikono. Wakakipaka mafuta ya upako, chombo cha umeme, jamani, mafuta yakachuruzika mpaka kwenye tundu la waya! Kikazidi kukwaruza. Ndipo likatangazwa: kwaya nzima inafunga siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Na nani alisema amina ya kwanza? Huyo huyo.

Kwenye kwaya ile kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya pili. Ana vidonda vya tumbo, daktari alishamkataza kukaa na njaa. Lakini kanisa lile alilibebea mawe tangu msingi, na alitaka siku ya uzinduzi liimbiwe vizuri. Akafunga. Siku ya tatu mchana akaanguka, akatapika damu, wakamkimbiza hospitali.

Mpiga gitaa akaenda kumwona. Akasimama kando ya kitanda, machozi yanamtoka.

"Mama, nisamehe. Chombo ni kizima. Nilifundishwa namna ya kukipiga tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukukipiga?"

"Nikikipiga inavyotakiwa napiga kama mtu asiyejua. Niliona aibu mbele ya kwaya."

Mama akamtazama, dripu iko mkononi. "Kwa hiyo, mwanangu, mimi nimelala hapa ili wewe usichekwe?"

Akageukia ukutani.

Na mimi nimechoka, nisiwafiche. Baba, unaniletea ndoa yako niiombee, mwaka wa nne huu, na unajua fika kwamba mkeo anangoja useme "nimekosa." Hujawahi kulisema neno hilo, unaogopa litatoka kwa kigugumizi. Dada yangu, unataka niikemee roho ya kukataliwa kazini, na umeambiwa mara ngapi ukajifunze kompyuta? Unasema utakaaje darasa moja na watoto wa juzi! Na mimi nimo. Niliwafungisha ninyi wiki nzima kwa ajili ya amani ya baraza la wazee, wakati mgomvi wa mzee mmoja wa baraza hilo ni mimi, na nilijua kinachotakiwa ni kwenda kumpigia hodi.

Sisemi msiombe. Nasema tunawalaza watu njaa kwa ajili ya mambo tuliyokwisha kufundishwa, kwa kuwa tu hatutaki kuonekana tunaanza. Nyumbani kwako ni nani anayekonda kwa sababu ya aibu yako?

Leo simpaki mtu mafuta. Asiyeijua shida yake abaki, wazee wataomba naye hadi jioni. Unayeijua, toka sasa hivi ukaanze, na uanze vibaya, uchekwe.

Natangulia mimi. Mzee wangu wa benchi la mbele, tafadhali, inuka twende nje. Sijui nitaanzaje, lakini twende.