Biskuti za Mzee Shekiondo

Aliyekula kwako si shahidi wako. Mmenisikia nikiisema, na kwa kuwa mmeacha kuandika mnaniangalia tu, bora niwaeleze. Methali hii ilianza hivi, hapahapa kwetu wahariri wa kamusi elezo ya mtandaoni. Msiitafute kwa wahenga; haijatimiza hata miaka kumi na tano.

Hapo zamani Korogwe palikuwa na kiwanda cha biskuti cha Mzee Shekiondo. Mzee alipofariki kikafungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, jengo likavunjwa. Miaka ikapita, bintiye Mwantumu akaandika makala ya kiwanda kile kwenye kamusi yetu. Hakuwa anauza kitu. Alitaka tu mtu akitafuta jina la baba yake, apate cha kusoma.

Mhariri mwenzetu Mbwambo, kijana mkali lakini wa haki, akapendekeza ifutwe. Kanuni mnaijua: kampuni huingia ikiwa watu wasiohusika nayo wameiandika kwa kina. Tukajadiliana siku saba, na siku ya mwisho tukakutana hapa maktaba. Mwantumu alikuja na kapu la karatasi. Mbwambo akazitoa moja moja.

"Kalenda hii ilichapishwa na nani?"

"Kiwanda."

"Na ukurasa huu wa gazeti, pongezi za miaka ishirini?"

"Kiwanda kililipia."

"Na habari hii ya mwandishi?"

Akaisoma mpaka mwisho. Mwandishi alikuwa ameshukuru kwa chakula cha mchana na katoni mbili za biskuti. Mbwambo hakucheka.

Mwantumu akanigeukia mimi. "Da' Hoza, wewe umekulia pale. Waambie."

Nilitamani kusema, wanangu. Baba yangu alichoma biskuti zile miaka kumi na tisa. Alirudi nyumbani akinukia vanila, nasi tulimkimbilia kumnusa kabla hata ya kumwamkia. Mpaka leo nikipita penye tanuri la mikate, miguu husimama yenyewe.

"Siwezi, mdogo wangu," nikasema. "Mimi nimekula kwenu."

"Kwani nani hakula kwetu? Baba hakumwacha mtu mlangoni. Huyo ambaye hakula nimtoe wapi?"

Mbwambo akazipanga karatasi upya ndani ya kapu, kwa uangalifu, akasema polepole, "Aliyekula kwako si shahidi wako, dada. Pole sana." Makala ikafutwa jioni ile.

Tulifanya sawa, na leo ningeamua vilevile. Lakini kila mwaka nalitafuta jina la kiwanda mtandaoni, nikitumaini kwamba mtu fulani wa mbali, asiyewahi kuonja hata kipande, ameandika habari zake mahali. Sijampata. Mzee Shekiondo aliwalisha wote waliomjua, na sasa hakuna wa kumtaja. Aliyekula kwako si shahidi wako.